"Tuma na ya kutolea": kwa nini uchumi wa simu unatukamua palepale pa kutoa?

#1

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira. Anayetaka uzi wa pongezi atafute mwingine, iko mingi.

Tangu pesa za kwenye simu ziingie Tanzania mwaka 2008 tunaimbiwa kwamba zimemwinua mtu wa chini. Hilo silibishii. Mtu ambaye benki iko nusu siku ya safari alipata pa kuweka hela yake kwa mara ya kwanza. Lakini miaka yote hii imepita na ujumbe ni uleule: "Tuma na ya kutolea." Maneno manne tu, na ndani yake mna ugonjwa wote.

Tazameni njia ya hela. Kuweka ni bure. Kutuma kuna makato. Kutoa kuna makato makubwa kuliko ya kutuma, na juu yake inakaa tozo ya serikali. Kijana aliyeko Dar akitaka mama yake kule kijijini ashike elfu hamsini mkononi, lazima atume zaidi ya elfu hamsini na bado akatwe ya kutuma. Hela moja, safari moja, imekatwa pande mbili. Na anayekamuliwa si mwenye biashara kubwa, maana huyo ana akaunti ya benki na anahamisha kwa mkupuo. Makato yanapangwa kwa ngazi, na ukiyapiga kwa asilimia, ngazi za chini ndizo zinazoumia. Anayetoa elfu tano anaacha sehemu kubwa ya hela yake kuliko anayetoa laki tano.

Halafu tozo. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kwa kutuma na kwa kutoa. Watu walipiga kelele, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa kutoka 7,000 hadi 4,000, lakini miamala ya benki nayo ikaingizwa, kelele tena, Oktoba ikapunguzwa tena. Mwaka 2023 ya kutuma ikafutwa. Ya kutoa ikabaki. Sasa niambieni, mtunga sera gani anataka watu waache keshi halafu anaweka kodi mlangoni pa kutokea? Mtu akijua kutoka kuna kiingilio, haingii kabisa. Anafunga hela kwenye khanga au anampa kondakta wa basi bahasha, kama zamani.

Hatuko peke yetu. Uganda walianza na asilimia 1 Julai 2018, wakarudi nusu asilimia kwa kutoa tu. Ghana walianza na asilimia 1.5 mwaka 2022, wakashuka hadi 1, mwaka 2025 wakaifuta yote. Ghana wameona, sisi bado tunapunguza-punguza.

Sasa njoo kwa wakala, maana wengi mnamtukana bila kujua kinachomkaba.

Chukua wakala mwenye mtaji wa milioni 2 na laini nne za uwakala. Nusu ni keshi kwenye droo, nusu ni floti, yaani salio la kazi kwenye simu. Milioni moja ya floti ukiigawa kwa mitandao minne, kila laini ina 250,000. Anakuja mwenye duka la vifaa anataka kuweka 300,000 kwenye mtandao mmoja. Haiwezekani. Kwenye meza kuna floti ya milioni nzima, ila 750,000 imelala kwenye laini ambazo huyu mteja hazimhusu. Mteja anaondoka, kamisheni imeondoka naye. Na wakala hawezi kuimwaga floti ya mtandao huu kwenye laini ya uwakala ya mtandao ule kama mnavyotumiana ninyi wateja. Inabidi apite benki au kwa wakala mkuu, yaani afunge kibanda au amwache mtu.

Jioni mambo yanageuka. Asubuhi maduka yanaweka, floti inaisha na droo inajaa. Jioni na mwisho wa mwezi watu wanatoa, droo inakauka na floti inajaa. Mtwara na Lindi msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, hela za wakulima zikishaingia, kijiji kizima kinataka kutoa wiki hiyohiyo. Keshi inafuatwa mjini kwa bodaboda, na anayebeba milioni mbili kwenye begi anajua wapo wanaomhesabia safari zake. Gharama hiyo hakuna kampuni inayoirudisha. Kamisheni inakuja mwisho wa mwezi, nayo imeshakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Ndiyo maana mnakutana na ile kauli, "Nina elfu thelathini tu, hizo nyingine njoo kesho." Hapo mteja anaumia bila kujua. Kwa sababu ya zile ngazi, kutoa mara mbili mara nyingi kunazidi gharama ya kutoa mara moja. Ukosefu wa keshi wa wakala unalipwa na mama aliyetembea kwa miguu kuja kutoa.

Mtasema lipa namba, ile namba ya kumlipa mfanyabiashara kwa simu, ndiyo dawa. Ingekuwa dawa kama mnyororo wote ungekaa ndani ya simu. Mama ntilie anapokea kwa lipa namba, sawa. Kesho alfajiri anakwenda soko la Feri kuchukua samaki, mvuvi anataka keshi kwa sababu mafuta ya boti na vibarua wake ni keshi. Kwa hiyo mama ntilie anatoa, anakatwa, na sahani ya wali inapanda au anakwambia, "Lipa namba imegoma leo." Haijagoma. Kila mnyororo wa biashara una mtu mmoja anayetaka noti, na huyo mmoja anawatoza wote waliomtangulia.

Povu ruksa.

#2

Mkuu, umemtetea wakala kupita kiasi. Huko vijijini anakata "ya juu" yake juu ya makato halali. Unatoa laki, anakwambia acha elfu moja ya nauli. Hiyo ni haramu, kampuni zote zinakataza wakala kumtoza mteja nje ya jedwali. Wengine jedwali lenyewe wamebandika la miaka mitatu iliyopita, limepauka kwa jua namba hazisomeki.

Na ninyi mnaong'ang'ania keshi mtakufa na ukale. Pakua aplikesheni, lipia humohumo, peleka benki kupitia simu. Nani anatoa noti siku hizi?

#3

@#2 nani anatoa noti? Mwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, ndiye huyo. Hebu tupige hesabu ya hiyo aplikesheni yako.

Bando la shilingi 1,000. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yenye ushuru huo. Kwa hiyo zidisha 1.17 kwa 1.18, unapata 1.3806. Gawa 1,000 kwa hiyo: huduma yenyewe ni kama shilingi 724, na 276 ni kodi. Zaidi ya robo ya bando imekwenda kabla hujafungua ukurasa. Na bando lina saa 24 au siku 7, likiisha muda MB zako zinakwenda na maji, isipokuwa ukiwahi kuongeza muda kabla halijakata. Kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinataka upewe taarifa ukifika asilimia 75 na ukimaliza, lakini taarifa haimpi mtu hela ya kununua jingine.

Simu yenyewe je? Mwaka 2021 VAT ya simu janja iliondolewa ili wengi wanunue. Mwaka uliofuata ikarudishwa. Mwenye duka la simu hakuwa amemaliza hata kuuza mzigo.

Kingine ambacho wapenzi wa aplikesheni hamkisemi: menyu ya nyota, ile ya kubonyeza nyota na namba, haitumii intaneti kabisa, inapita kwenye njia ya mawimbi ya kawaida ya simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Aplikesheni zilizunguka tu kama pia. Mwenye kitochi alipiga nyota 150 akatuma hela yake. Kwa hiyo kitochi usikidharau, ndicho kinachobeba uchumi unaousifia.

#4

Naongeza upande wa kaunta, maana hapa ndipo mtaji wa wakala unapofia.

Muamala ukining'inia ni hivi. Mteja anaingiza namba ya wakala, kiasi, namba ya siri. Kwake ujumbe umeingia, salio limepungua. Kwa wakala kimya. Mteja anaonyesha simu yake: "Si hii hapa, imekubali!" Wakala asiyejua anatoa keshi. Baada ya dakika kumi muamala unarudi kwa mteja, naye keshaondoka na bodaboda. Sheria ya kaunta ni moja: ujumbe wa mteja si ushahidi. Wakala aangalie salio lake mwenyewe kwenye menyu, alinganishe na salio la mwisho aliloandika daftarini, ndipo ahesabu noti. Kama menyu haifunguki, mteja asubiri, hata akitukana.

Kuna na ujumbe feki. Tapeli anatuma meseji iliyoandikwa sawasawa na ya kampuni, hadi nukta, lakini imetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi badala ya jina la huduma. Huja saa ya foleni, jioni, wakati wakala ana simu nne zilizofungwa mpira wa bendi na anamjibu mtu wa vocha hapohapo. Tena salio lililoandikwa kwenye meseji hiyo halilingani na salio lako, kwa sababu tapeli halijui. Soma salio kwanza, kiasi baadaye.

Mwingine hupiga simu akijifanya wa makao makuu, eti laini yako inafungwa, bonyeza hiki na kile. Ukimfuata unakuwa umetoa floti yako mwenyewe. Namba za hao na za wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040, ni bure. Na mara mojamoja piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu tangu usajili wa alama za vidole kuna watu walibonyeza kidole mara mbili kwa msajili wa barabarani wakidhani cha kwanza kimekataa. Kumbe kila kidole ni laini yake.

#1

@#2 kuhusu "ya juu" uko sahihi, siitetei. Nasema inatoka wapi. Ukimlipa mtu kamisheni ileile awe anatembea hatua hamsini kufika benki au kilomita arobaini, atajiongezea mwenyewe. Kampuni zikilipa kamisheni ya juu kwa wakala wa mbali, hapo mfungieni laini atakayezidisha.

Ninachodai ni vitu vitatu. Tozo ya kutoa ifutwe kama ilivyofutwa ya kutuma, na kama haiwezekani yote, basi ianzie kwa miamala mikubwa. Floti ya wakala iweze kuhama mtandao hadi mtandao papo hapo, maana mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo upo na wateja tunautumia. Na mteja aliyekosa keshi kwa wakala wa kwanza asikatwe mara mbili kwa kiasi alichokusudia kutoa siku ileile.

Kwa aliyekatwa visivyo: andika namba ya kumbukumbu ya muamala, saa, namba ya wakala. Lalamika kwa kampuni kwanza na udai namba ya lalamiko. Wakikuzungusha, peleka kwa maandishi kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ukiambatanisha namba hiyo. Bila namba ya lalamiko utarudishwa ulikotoka.

Mwenye jedwali jipya la makato ya kutoa, la mtandao wowote, aliweke hapa tulilinganishe na yale yaliyobandikwa vibandani.