Naomba ushauri: vitafunwa vya sherehe ya "binti mfalme", mtoto anatimiza miaka 4

Habari zenu wapendwa. Jumamosi ijayo binti yangu anatimiza miaka 4 na ameshapitisha azimio: yeye ni binti mfalme, kila kitu kiwe cha pinki. Watoto watakuwa kama 15, wa miaka 2 hadi 6, uani kwetu hapa Tanga, saa tisa alasiri. Joto la huku mnalijua.

Keki nimeshaagiza. Kashata za nazi za pinki nitapika mwenyewe, na juisi ya rozela ina rangi yake tayari. Bisi na karanga nimeziondoa, wale wadogo wasije wakapaliwa.

Kinachonitesa ni vitafunwa vya chumvi. Nilikanda chapati ndogo kwa maji ya bitiruti. Donge lilipendeza kweli, ila kikaangoni zikageuka kahawia. Baba yake akasema tuziite chapati za kifalme. Mwenye sherehe kakataa.

Sasa naomba mnisaidie: kuna namna ya kupika rangi ya bitiruti isipotee? Na zaidi ya sambusa, kitafunwa gani cha chumvi, kisicho na pilipili, kinakaa mezani saa mbili bila kuchacha?