Naomba ushauri: f(g(x)) ikirahisishwa, namba hasi bado inakataliwa?

Habari zenu wakuu. Nipo Ipagala, Dodoma, namsaidia mdogo wangu wa kidato cha tano fankisheni ndani ya fankisheni. Za kawaida anaziweza: f(x) = 2x + 3, g(x) = x² − 1, anajua f(g(2)) ni 9 na g(f(2)) ni 48.

Tumekwama hapa: f(x) = x², g(x) = √x. Ukirahisisha, f(g(x)) inabaki x tu. Dogo kaweka −4, kapata −4. Ila ukianzia ndani, kipeuo cha pili cha −4 hakipo kwenye namba halisi! Mimi naegemea "haipo", lakini dogo mbishi, anataka sababu.

Nimweleweshe vipi? Na kwenye mtihani, x ≥ 0 iandikwe hata kama swali halijaomba?