Nimenunua kitabu kwa hela yangu, kumpa mwanangu asome naambiwa siruhusiwi!

Wakuu, salamu zitafuata baadaye. Kuna jambo limenikaa kooni tangu jana usiku, na nisipolitema hapa nitamtemea mtu asiyehusika humu ndani.

Tuna kikundi chetu cha kusoma, watu tisa. Kitabu kimoja kwa mwezi, tunakutana, tunabishana, tunaachana tumenuniana, mwezi ukiisha tunarudi. Tangu mwanzo tunaishi kwa kuazimana: wawili watatu wananunua, nakala zinazunguka. Vitabu vyangu vya karatasi vimepita mikono mingi mpaka majalada yanashikiliwa na gundi. Kimoja kilinirudia kikiwa na tiketi ya basi ukurasa wa 88, na pembeni mtu ameandika kwa penseli "huyu mama muongo". Chini yake mwingine kajibu kwa wino: "wewe ndiye hujamwelewa". Sikufuta. Binti yangu alipofikia umri wa kukisoma, alicheka na ule ugomvi wa pembeni kuliko hadithi yenyewe.

Safari hii zamu ya kununua ikawa yangu, nikajifanya wa kisasa. Nikachukua cha kielektroniki. Kitufe kimeandikwa NUNUA kwa herufi kubwa. Sikuona KODI wala AZIMA. Nikabonyeza, hela ikakatwa, kitabu kikashuka, siku tatu nimekimaliza. Nikamtumia faili dada mmoja wa kikundini anayenifuata. Halifunguki. Nikazunguka kwenye programu yote nikitafuta mahali pa kuazimisha, hakuna. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja limejaa adabu, "mteja wetu mpendwa" mara tatu: nilichonunua si kitabu, ni leseni ya kusoma, ya mtu mmoja, haihamishiki, na hayo yote yamo kwenye vigezo na masharti niliyoyakubali. Nani hapa amewahi kuyasoma yale mpaka mwisho? Anyooshe mkono.

Nikasema sawa, kikundi nitajua cha kuwaambia. Na watoto wangu je? Vitabu vya karatasi vya kwenye rafu wanachukua tu, hawaniombi hata ruhusa. Hivi vya kwenye simu, njia pekee niliyoipata ni kumwingiza kijana wangu kwenye akaunti yangu mwenyewe, kwenye kishikwambi. Ana miaka kumi na miwili. Kwanza maktaba yangu yote ya kikubwa ikajipanga mbele yake na majalada yake, hilo tuliache. Pili, ile programu inakumbuka mlipofika na kuwapeleka wote hapohapo, kwa kuwa inaamini sisi ni mtu mmoja. Jana usiku nafungua riwaya yangu, niko sura ya tano, najikuta nimetupwa kurasa tatu kabla ya mwisho. Bwana mdogo alikuwa ameruka kwenda kuangalia nani anakufa. Na mimi nikawa nimeshaona nani anakufa! Amepaka na rangi ya njano juu ya hiyo sentensi.

Hapo usingizi ukaisha, nikaanza kuchimba. Kumbe ugomvi huu ni wa zamani. Kuna mchapishaji wa Marekani aliyechapa ndani ya kitabu onyo kwamba asiuze mtu chini ya bei aliyoipanga yeye. Akashindwa mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 1908: ukishauza nakala, umeuza, huna la kumpangia mwenye nayo. Ndiyo maana hakuna anayekufuata ukiazimisha kitabu cha karatasi, ukikigawa au ukikiuza. Lakini kikiwa cha kielektroniki, wanasema hukuuziwa nakala. Mahakama ya Umoja wa Ulaya nayo, Desemba 2019, ikaamua kuwa huwezi kuuza upya vitabu vya kielektroniki ulivyokwisha kuvisoma bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Na leseni ndiyo hiyo, aliyekupa anaweza kuichukua. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, na kufuta nakala za kitabu walizokwisha kulipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Hela walirudisha. Kitabu chenyewe kilikuwa *1984* cha George Orwell, kile cha serikali inayofuta maandishi isiyoyataka. Huwezi kutunga. Miaka kumi baadaye Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, na vitabu vya wateja vikazimika vyote. Hela zilirudi pia. Mimi nataka kitabu bwana, hela nilikuwa nayo tangu mwanzo! Hata maktaba hazikupona: mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliziambia kila nakala ya kielektroniki itaazimwa mara 26 tu, ikifika hapo inunuliwe upya. Kitabu kisichochakaa kinapangiwa siku ya kuchakaa.

Najua kuna watakaokuja na "mwandishi atakula nini". Ndugu, mwandishi nimeshamlipa. Sijaomba kurudufu nakala tisa niwagawie watu. Naomba kile kile cha karatasi: kikiwa kwa mwenzangu, kwangu kifungwe, akimaliza kinirudie. Msiniambie haiwezekani, mwishoni mwa 2010 Amazon hao hao waliweka huduma ya kuazimisha Marekani. Siku 14, mara moja tu kwa kila kitabu mpaka kufa kwako, tena mchapishaji akipenda. Kinyonge, lakini mitambo ilifanya kazi. Na hilo kufuli la kwenye faili, linalomzuia mwingine asilifungue, wanaloliona uhai wao, wachapishaji Tor waliliondoa kwenye vitabu vyao mwaka 2012 na mpaka leo wanauza.

Angalau California tangu 2025 sheria inawabana wanaoandika "nunua" waeleze wazi kwamba ni leseni. Wangeniandikia hivyo mimi ningesubiri cha karatasi.

Waliokwisha kupita hapa mnafanyaje? Sitaki ushauri wa kuvunja kufuli, nataka duka linalouza faili lisilofungwa, kama mnalijua semeni. Jumamosi kikundi kinakutana na watu wanane hawajasoma kitu. Nimewaambia waje hivyo hivyo, nitawasomea sura ya kwanza kwa sauti kutoka kwenye simu, na kama masharti yanakataza na hilo, huduma kwa wateja waniandikie tena. Kijana naye kaja asubuhi kuuliza kwa nini nimebadilisha neno la siri.

Nawasilisha.