Naomba ushauri: kuwafundisha wanafunzi kupima habari za mtandaoni pale shule inapoongozwa kwa amri

Ndugu wadau wa elimu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya habari katika shule ya sekondari ya bweni hapa Tanzania. Baada ya likizo, baadhi ya wanafunzi wa kidato cha nne walirudi na karatasi iliyodaiwa kuwa ya mtihani wa taifa, yenye nembo ya Baraza la Mitihani, waliyouziwa kupitia kundi la Telegram, wakaikariri badala ya kusoma. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jina la somo lenyewe limekosewa tahajia.

Mkuu wetu wa shule, ambaye namheshimu sana kwa uadilifu wake, alitoa adhabu na mjadala ukafungwa. Marufuku ya simu shuleni siipingi. Hata hivyo, mwanafunzi akifika nyumbani hushika simu ya dada yake bila kufundishwa kuuliza nani ameandika, lini, na kwa faida ya nani, ilhali Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha umma kuwa kosa la jinai.

Naomba ushauri, hasa kwa walimu wakuu: nitampelekeaje pendekezo la kipindi kimoja kwa wiki, viranja wakishirikishwa kuchagua habari za kuchambua, bila kuonekana napinga mamlaka yake? Nianze kwake faraghani, au nipitie kwanza kwa mwalimu wa taaluma? Natanguliza shukrani.