Bluberi zangu za kwenye ndoo zinageuka njano, naombeni ushauri

MamaBustani_Arusha: Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana nilipata miche miwili ya bluberi fupi, aina ya Sunshine Blue. Nikaipanda kwenye ndoo za lita 20 nilizozitoboa chini: udongo mweusi wa shambani, samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, kama ninavyofanya kwa mchicha. Namwagilia maji ya kisima. Mwanzoni ilipendeza. Sasa majani machanga yamekuwa njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nikaweka mbolea ya CAN nikidhani ni njaa, hali ikazidi. Wanangu wanaichungulia kila wakitoka shule. Niambieni ukweli, hata kama ni kuanza upya.

MwanaMufindi: Pole sana dada. Majivu ndiyo yaliyoiumiza. Bluberi inataka udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu, ikishuka ndiyo uchachu unazidi) 4.5 hadi 5.5, kama chai yetu huku. Majivu hufanya kazi ya chokaa: uchachu ukiisha, madini ya chuma yanakuwepo udongoni lakini mizizi haiyapati, ndiyo hiyo njano. Ing'oe taratibu, mizizi yake ni laini kama nyuzi na haiendi chini sana. Kung'uta udongo wote, panda upya kwenye kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) na magome ya misonobari yaliyooza. Samadi usirudishe.

Kinyozi77: Mwagia siki kidogo kwenye maji, itapona.

MwanaMufindi: Siki inashusha pH siku chache tu mkuu, kisha inarudi palepale. Hata salfa, ile ya mikorosho, inachukua miezi. Abadilishe udongo.

Fundi_Maji: Na maji nayo! Visima vingi kuzunguka Meru vina magadi na floridi. Utabadilisha udongo leo, maji yauharibu tena kidogo kidogo. Kinga maji ya mvua, weka pipa chini ya bati.

Dada_wa_Minnesota: Nakazia hapo kwa mbolea: CAN acha kabisa, ina chokaa na naitreti, na bluberi inapenda amonia. Ukiona majani mapya, tumia SA (salfeti ya amonia), nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji. Mimi huku Marekani nina bluberi aina ya Top Hat kwenye ndoo, lakini hiyo inahitaji baridi ndefu ya kwetu, usihangaike kuitafuta. Sunshine Blue inaridhika na saa kama 150 za baridi chini ya nyuzi 7. Arusha hata hizo huzipati, kwa hiyo haitapukutisha majani na maua yanaweza kuwa machache. Usishtuke. Ila Sunshine Blue hujichavusha yenyewe; ukipata na mche wa aina nyingine wa kuchavushana nayo, matunda yanakuwa makubwa.

MamaBustani_Arusha: Asanteni, Mungu awabariki. Nimeing'oa asubuhi hii. Mmoja ncha za mizizi bado nyeupe, wa pili umeoza upande mmoja, nimeukata sehemu mbovu. Mvua ya usiku imejaza pipa. Je, huu wa pili niupunguze na matawi, au niuache?

MwanaMufindi: Punguza theluthi moja, dada, na maua yote yatoe mwaka huu. Uweke kivulini wiki mbili.