Sindano ya "vitamini" isiyo na jina: nikubali au nikatae?

Binti_Chumbageni
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 21, nakimbia nusu marathoni. Hapa Tanga, alfajiri natoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi, Jumapili naenda mpaka Pongwe. Muda wangu bora ni saa 1 na dakika 19. Kaka anayetusimamia mazoezi anasema nikitaka kushuka hadi saa 1 na dakika 15 lazima nichome sindano sita za "vitamini za damu". Vichupa amevibandua karatasi, na anavibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Nilipomuuliza jina la dawa akasema, "Wewe kimbia, mengine niachie." Wenzangu wawili wameshaanza. Mama hajui. Yangu ya kwanza ni Jumamosi. Nifanyeje?

MuuzaDawa_Ngamiani
Mdogo wangu, hiyo barafu ndiyo imenishtua. EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu iliyokatazwa michezoni na inayowaponza wakimbiaji wengi wa mbio ndefu, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Siwezi kuapa kwamba ndiyo hiyo, maana zipo dawa nyingine za baridi. Lakini kwa nini abandue karatasi? Kazi halali ya EPO ni kuwasaidia watu kama wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Kwa mzima kama wewe, chembe nyekundu zinazidi, damu inakuwa nzito, na ukiishiwa maji kwenye jua letu hili inaweza kuganda. Rita Jeptoo, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, alinaswa nayo mwaka 2014.

Na usitegemee kusema "sikujua". Kipa wa Kameruni, André Onana, alimeza kidonge cha mkewe kimakosa, kikakutwa na furosemide, dawa ya kukojosha ambayo nayo imekatazwa michezoni. UEFA walikubali kwamba hakukusudia, na bado walimfungia miezi 12 mwaka 2021, baadaye ikapunguzwa hadi 9. Hata dripu ya vitamini tupu, ikizidi mililita 100 ndani ya saa 12 bila kuwa matibabu ya hospitali, ni kosa michezoni.

Mzee_wa_Makorora
Marahaba mwanangu. Mimi nilikubali, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa na miaka 23, nakimbia mita 5000. Mtu niliyemwamini kama baba alinichoma sindano mara tatu kwenye chumba cha wageni, pazia limeshushwa. Hakuniambia jina la dawa na mimi sikuuliza, niliona kuuliza ni kumkosea adabu. Sindano ya pili ilinitia jipu, nikalala kifudifudi siku nne. Mashindano yalipofika nikapunguza sekunde 20 kwenye muda wangu. Nikabebwa juu juu. Hakuna aliyenipima.

Nimezeeka sasa, na mpaka leo sijui kama sekunde zile 20 zilikuwa zangu au za kile kichupa. Huenda yalikuwa maji matupu na mazoezi ndiyo yaliyonikimbiza! Sitajua. Mwanangu wa kiume aliwahi kuniuliza, "Baba, ulikimbia ngapi?" Nikamtajia muda wa mwaka uliotangulia, ule mbovu, kwa sababu ndio ninaoweza kuuapia.

Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, aliondoka na mbio tangu mlio wa bastola kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2. Sisi tulikua tukiitaja rekodi hiyo kama ya ndugu yetu. Hiyo 1:19 yako ni yako, binti. Usimpe mtu sababu ya kuitilia shaka, na wewe mwenyewe usijipe. Mwambie mama yako leo, si Ijumaa.

Mama_Pongwe
Na wale wenzako wawili? Usiwaache. Waonyeshe maneno haya.

Binti_Chumbageni
Nimemwambia mama jana baada ya magharibi. Alilia, kisha akaniomba namba ya yule kaka akampigia mwenyewe. Leo asubuhi nimetolewa kwenye kundi la mazoezi. Mwenzangu mmoja kasoma hapa mpaka mwisho, kaniuliza kesho natoka saa ngapi. Nimemwambia saa 11 kamili, tukutane njia ya Raskazone.