Foleni ya Mlima Kitonga: malori yazuiwe mizani, si katikati ya kona

Ndugu wanajukwaa, naleta malalamiko haya nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuyaandika kwa utaratibu ili wenye dhamana wasipate kisingizio cha kusema kwamba ni kelele za mtandaoni.

Lori moja la mizigo likikatika ekseli katika Mlima Kitonga, mkoani Iringa, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambayo ndiyo njia ya Zambia na Kongo, hufungwa. Mlima ule una kona za kubana, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde, kwa hiyo lori lenye tani 56, ambazo ndizo kikomo cha sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, likifia kwenye kona halina pa kusogezwa. Hapo ndipo wenye mabasi na magari madogo huanza kutanua. Anayepanda anachukua upande wa anayeshuka, anayeshuka naye hakubali kubaki nyuma, wanakutana uso kwa uso, na jambo ambalo lingekwisha kwa saa moja au mbili linageuka kifungo cha usiku kucha. Akina mama wenye watoto wachanga na wagonjwa waliopewa rufaa wanalala humo bila maji wala choo, na nyanya za mkulima wa Ilula zinafika sokoni zikiwa zimeanza kuvuja kwenye matenga, wala dalali hamuulizi alilala wapi.

Kuharibika kwa malori hakuniudhi sana, kwa sababu chuma ni chuma. Kinachoniudhi ni kwamba mlima ukiwa umefungwa, malori yanaendelea kuachiwa kwenda kuongeza foleni. Lori linalotoka bandarini husimama mizani ya Mikumi, na linalotoka Tunduma husimama mizani ya Wenda kabla ya kufika Iringa mjini. Watumishi wa mizani wanapima uzito kama sheria inavyotaka na siwalaumu, maana hakuna aliyewapa kazi nyingine. Lakini kwa nini taarifa ya kufungwa kwa mlima isiwafikie ndani ya dakika chache, malori yakazuiwa hapo hapo? Yaliyokwisha kupita Mikumi yasimamishwe Ruaha Mbuyuni kabla ya kufika mlimani, mahali ambapo dereva na utingo wake wanaweza kupata chakula, na yanayoshuka yasimamishwe Ilula, kabla hayajaanza mteremko. Njia ikifunguka yaachiwe kwa mafungu, mabasi na magari ya wagonjwa yakitangulia. Kazi hiyo haihitaji saruji wala nondo. Inahitaji redio za mawasiliano na askari wa usalama barabarani wanaokesha pale, si wa kuitwa wakati magari yamekwisha kufungana.

Mabasi nayo yaambiwe mapema. Dereva anayeelekea Morogoro akipewa habari Ipogolo, pembeni mwa mji wa Iringa, bado anaweza kupandisha mjini na kupita Mtera hadi Dodoma. Ni lami, ingawa safari inaongezeka kwa zaidi ya kilomita 200. Akiipata habari hiyo Ilula, ameshachelewa.

Najua watakuja wa kusema dawa ni TAZARA, reli ya kwenda Zambia, wengine watasema njia nne. Sipingi. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa ili ibebe mamilioni ya tani kwa mwaka, na ingekuwa inazibeba, shaba nyingi ya Zambia na Kongo isingepanda wala kushuka Kitonga kwa matairi. Daraja jipya la Wami, kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera, pia tumeliona, likichukua nafasi ya lile jembamba la mwaka 1959. Lakini kabla jipya halijajengwa, magari pale Wami yalikuwa yakipishana kwa zamu kwenye njia moja, miaka nenda rudi. Kitonga ina njia mbili, na bado tumeshindwa kuweka zamu siku ya dharura!

Jambo la mwisho ni gari la kuvuta malori. Liwekwe Mahenge, chini ya mlima, saa zote, likiwa na mafuta na dereva, badala ya kutafutwa kwa simu kutoka mbali wakati foleni imeshazidi uwezo wake wa kupenya. Gharama ya kuvutwa alipe mwenye lori, na kwa hilo sina huruma, hasa kwa tajiri anayeliingiza mlimani huku akijua breki zake ni mbovu.